Nusu ya Gurudumu

Baba aliniambia huku ameinama anafunga viatu, kana kwamba ananituma chumvi dukani.

"Sista akikurudisha shule, mimi nitaongea na wale watu. Asipokurudisha, Jumamosi unavuka na mtoto wako."

Kuvuka ni kwenda Uganda. Kwetu Busia neno hilo halikuhitaji maelezo, maana geti lilikuwa karibu, ukitoka nje asubuhi unaliona. Wale watu walikuwa jamaa za baba wa mtoto wangu, wa upande wa Tororo. Mwenyewe alikuwa karani wa ghala la pamba, mtanashati, mwenye maneno, na nilipomwambia nina mimba alirudi kwao kumzika shangazi. Shangazi huyo alizikwa mwaka mzima. Sasa baba yake mzee alikuwa ametuma habari kwamba wanamtaka mtoto wao pamoja na mama yake, mambo yaishe kwa heshima.

Heshima! Mimi nilikuwa kidato cha tano, nasoma hesabu na fizikia, masomo ambayo wenzangu wengi waliyakimbia. Nilifukuzwa muhula wa kwanza, sanduku kichwani. Nikajifungua msichana. Na kwetu binti aliyezalia nyumbani halali tena chini ya paa la baba yake, kwa hiyo nilihamishiwa jikoni, mimi na mtoto na kuku. Baba hakuwahi kunitukana. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alipita mlangoni, akakohoa, basi.

Ngoja niseme kuhusu ng'ambo, kwa sababu mtu ambaye hakukaa mpakani miaka hii ya sabini atadhani nilikuwa nakataa mume tu. Upande ule wanajeshi ndio walioshika nchi. Fundi cherehani jirani yetu alivuka kwenda kuchukua vitambaa. Cherehani yake ilikaa barazani imefunikwa shuka mpaka shuka likaoza, na hakuna aliyethubutu kulikunja. Mama mmoja muuza samaki alirudi na kiatu kimoja, na tangu siku hiyo ukimuuliza bei anakutazama tu. Jioni nyingine tulisikia milio kama mbao zinaangushwa, na mama akasema, "Ni mbao," ijapokuwa hakuna mtu aliyekuwa akijenga.

Baba alivuka kila siku. Alikuwa na baisikeli, akibeba watu kati ya geti letu na geti lao, yeye na wenzake wakiita "boda-boda!" mpaka sauti zinakauka. Kila asubuhi alivua saa yake akaitundika kwenye msumari kando ya mlango, kwa sababu wanajeshi walipenda saa za watu. Akirudi jioni anaivaa. Sikuwa na haja ya kuuliza baba yuko wapi. Nilitazama msumari. Saa ikiwepo, baba bado yuko huko.

Na mtu huyo, anayejua yote haya, ndiye aliyetaka kunipeleka huko na mtoto mgongoni.

"Kwao ni kijijini," mama alijaribu kunituliza. "Wanajeshi hawafiki kila mahali."

"Mama, wana magari."

"Ndiyo, lakini..."

Akageukia sufuria.

Kwa Sista mkuu, mtawa aliyeongoza shule yetu, nilikuwa nimekwenda mwenyewe, huko shuleni mbele ya Nambale. Alinisikiliza amesimama. Akasema kiti changu bado kitupu.

"Lakini hapa hatuna akina mama," alisema. "Tuna wanafunzi. Ukirudi, hutasema neno juu ya mtoto, kwa mtu yeyote. Na mwalimu wa hesabu atakupima kwanza. Wenzako wameendelea bila wewe."

Siku ikawekwa, Ijumaa. Sura ya kupimwa ilikuwa ya pembe katika radiani, hasa zile pembe ambazo moja imezunguka mara nyingi na nyingine mara chache, lakini mkono wao wa mwisho unaishia mahali pale pale. Unapewa pembe kubwa ya kutisha, au iliyo hasi, unatafuta pacha wake mdogo asiyefika mzunguko mmoja. Wenzangu walifundishwa hayo mimi nikiwa jikoni. Nilichokuwa nacho ni kitabu, na kitabu kilikuwa na majibu nyuma. Nilipokifungua nikakuta majibu hayapo.

"Baba, kurasa za nyuma ziko wapi?"

"Zile za nambari tupu?" aliuliza. "Si hazikuwa na hadithi. Nilisokotea tumbaku."

"Umevuta majibu yangu!"

"Yalikuwa makali," alisema. "Yamenikoholesha."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi sikucheka.

Radiani yenyewe niliielewa kwa baisikeli. Radiani moja ni pembe unayopata ukichukua urefu wa kutoka katikati ya duara hadi ukingoni, ukaulaza huo urefu juu ya ukingo wenyewe. Nilikata uzi kutoka katikati ya gurudumu hadi mwisho wa tairi, nikaulaza juu ya tairi, nikausogeza, nikausogeza tena. Mara tatu na kipande kidogo, umefika upande wa pili wa gurudumu. Hiyo tatu na kipande ndiyo pai, π. Mara sita na kipande, umerudi ulikoanzia. Hiyo ni 2π, mzunguko mzima. Niliyaona hayo kwa macho yangu mwenyewe, kwa hiyo kilichonipata baadaye sina wa kumlaumu isipokuwa kamba.

Baba alikuwa na kamba ya katani kwenye usukani. Akifika ng'ambo, anafunga fundo. Akirudi upande wetu, anafunga lingine. Wabebaji wote walihesabu hivyo. Watu wa kwingine watasema kwenda na kurudi ni safari moja. Sisi hatukusema hivyo, kwa sababu kurudi hakukuwa sehemu ya kwenda. Ukifika, umefika, funga fundo lako ushukuru. Kurudi ni jambo lingine kabisa, la kuombewa. Mimi ndiye niliyefungua mafundo hayo kila jioni tangu nikiwa shule ya msingi, nikimsomea baba hesabu ya siku.

Basi nikachukua kamba kama hiyo, nikafunga fundo kila panapofika π, ili nisome pembe kwa vidole huku mtoto akinyonya. Kitabu kilisema uondoe mzunguko mmoja kamili, na urudie mpaka ubaki na pembe ndogo. Nikafungua fundo moja. Swali lilikuwa 17π/6. Nikatoa π, yaani 6π/6, ikabaki 11π/6. Ni chini ya 2π? Ni chini. Haya, endelea. Nilifanya sura nzima hivyo, mkono mmoja unaandika, mwingine unakoroga uji. Hakuna jibu lililonipinga, maana majibu yalikuwa yameshakuwa moshi. Nilianza hata kujiona mwerevu. Nilimwimbia mtoto.

Alhamisi baisikeli ilipata panchari. Baba aliigeuza juu chini pale uani, akatoa mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma, akauchovya kwenye karai la maji kutafuta tundu. Gurudumu la mbele lilikuwa huru. Mtoto akatambaa kulifuata, na ili asiingize vidole nikakaa karibu nikamzungushia mimi. Nilichomoa uzi mwekundu kwenye sweta kuukuu, nikaufunga kwenye spoku moja, autazame ukipita. Alicheka sana. Kulikuwa na muhogo umeanikwa, mkavu, mweupe kama chaki. Nikachukua kipande nikaweka alama kwenye tairi, kumi na mbili, kama uso wa saa. Kila alama ni π/6. Nilikuwa nacheza. Nataka hilo lieleweke, nilikuwa nacheza.

Nikasema, hebu ile ya 17. Nikazungusha polepole nikihesabu alama. Uzi mwekundu ulipita ya kumi na mbili, ukaanza upya, ukasimama kwenye ya tano.

Jibu langu lilikuwa ya kumi na moja.

Nikarudia, nikidhani mtoto amenichanganya. Tano. Niliweka kidole kimoja kwenye tano na kingine kwenye kumi na moja, na vidole vyangu vikatazamana, katikati yao ekseli. Upande wa pili kabisa. Nikajaribu 25π/6. Uzi ukasimama alama ya kwanza, jibu langu lilisema ya saba. Nikajaribu 31π/6, hilo likakubaliana na jibu langu, na hapo ndipo nilipoacha kucheza, kwa sababu sasa sikujua lipi nimelipata kwa akili na lipi kwa bahati. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya Ijumaa ni Jumamosi.

"Baba."

"Mm." Alikuwa anapuliza sulusheni, ile gundi ya kiraka, ikauke.

"Ukienda ng'ambo na ukirudi, ni mafundo mangapi?"

"Mawili. Si wewe ndiye unafungua?"

"Kwa nini isiwe moja?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini ana pua. "Kwa sababu kuna siku naweza kufika nisirudi. Hiyo siku utahesabu nini, nusu fundo?"

Alisema akicheka, kisha cheko likakatika katikati, na sote wawili tukatazama msumari, ingawa saa ilikuwa mkononi mwake.

Nikaona kosa langu lote. Pembe zangu nilikuwa nimeziacha ng'ambo. Kila mara nilipotoa π niliifikisha upande wa pili, nikafunga fundo moyoni, nikasema imefika. Kumbe haikuwa imefika. Ilikuwa imesimama huko inasubiri kurudishwa.

"Mafundo yako yataniua," nilimwambia. "Nimejifunza hesabu ya boda-boda!"

"Hesabu ya boda-boda ndiyo imekulisha," alisema, akabandika kiraka.

Nilirudia sura nzima mpaka kuku wakaingia kulala, nikifungua mafundo mawili mawili.

Ijumaa baba alinibeba mwenyewe mpaka shuleni, mimi kwenye keria, mtoto tumemwacha na mama. Nilihesabu mizunguko ya gurudumu kwa ule uzi mwekundu mpaka nikapoteza hesabu.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana, shati jeupe limepigwa pasi sana. Alikuwa peke yake darasani.

"Keti, mama," alisema. Kisha akatazama mlango haraka. "Yaani... binti. Hapana, usiketi. Njoo ubaoni."

Akaandika −29π/6.

"Nipe pacha wake, kati ya sifuri na 2π."

Saa hizo ndizo mtoto hunyonya. Matiti hayajui mtihani. Nilisikia maziwa yakishuka, nikasikia leso niliyoikunja ndani ya blauzi ikilowa, na mlango ulikuwa wazi, na nje nilisikia viatu vya Sista kwenye sakafu. Nilibana mkono wa kushoto kifuani. Wa kulia ukachukua chaki, na kabla sijawaza chochote ukaongeza π. Niliona imeandikwa, kwa mwandiko wangu: −23π/6. Nusu mzunguko. Mazoea ya siku nyingi yamenitoka mkononi kama jasho.

Ningefuta. Lakini kufuta ni kumwonyesha mwalimu kwamba sijui. Nikasema moyoni, sawa, basi tutakwenda hivyo hivyo, lakini safari hii nahesabu na kurudi. −17π/6, nimerudi. −11π/6, niko ng'ambo. −5π/6, nimerudi. π/6.

Chaki ilisimama. Hiyo π/6 ilikuwa nzuri, ndogo, chanya, iko ndani ya mipaka. Kabla ya jana ningeipigia mstari chini nikaenda zangu.

"Mbona unasita?" mwalimu aliuliza nyuma yangu. "Si umeshaingia kwenye chanya?"

Sikujua kama ananisaidia au ananitega.

"Hapo ni ng'ambo, mwalimu."

"Ni nini?"

"Ni upande wa pili. Bado kurudi." Nikaongeza π ya mwisho, nikaandika 7π/6, nikapiga mstari chini yake.

Alisoma ubao kutoka juu hadi chini. Viatu vya Sista vilisimama nje.

"Sasa kwa nini usiongeze 2π tangu mwanzo, ukajipunguzia taabu?"

"Kwetu kwenda kunahesabiwa peke yake, mwalimu."

Nadhani alitaka kucheka akajizuia. "Pacha wengine wa pembe hii wako wangapi?"

"Hawaishi. Ukiuona mkono ulipoishia huwezi kujua umezunguka mara ngapi."

Akaja karibu kufuta ubao, na hapo akaiona blauzi yangu. Aligeuza uso. "Pita mlango wa nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Sista nitaongea naye mimi."

Nilisimama nyuma ya darasa, kwenye majani, nikikamua maziwa ardhini na kutukana kwa lugha ya kwetu. Mtoto wangu ana njaa Busia, chakula chake nakimwaga Nambale. Dirisha likafunguka. "Jumatatu," mwalimu alisema. "Uje na sanduku."

Baba alikuwa amejiegemeza kwenye baisikeli getini. "Je?"

"Jumatatu."

Akaitikia kwa kichwa, tukaondoka.

Tulipofika nyumbani nilimkuta yule mzee wa Tororo, baba wa karani, ameketi kwenye kigoda chetu, kofia gotini, mtoto wangu mapajani. Alikuwa amekuja siku moja kabla.

"Huyu ni wetu kabisa," alimwambia baba. "Tazama paji la uso."

Nilimchukua mtoto kutoka mikononi mwake. Sikuomba.

"Mzee, karibu," baba alisema. "Binti anarudi shule. Mtoto atakaa na bibi yake hapa."

"Tulisikilizana Jumamosi."

"Leo ni Ijumaa."

"Kwa hiyo unaninyima."

"Nakunyima, mzee."

Sasa, kwetu mgeni ukishamnyima alichokujia, wewe mwenyewe ndiye unayemrudisha mpaka kwake, ili kinyongo kisimfuate njiani. Yeye akitaka anaweza kukuambia, inatosha, rudi. Mzee yule alivaa kofia yake, akaenda akakaa kwenye keria, akangoja. Hakusema inatosha.

"Unampeleka mpaka wapi?" niliuliza. Baba kila siku aliishia kwenye geti lao. Hakuwahi kupita hapo.

"Mpaka atakaposema."

"Baba, mwache apande gari. Ana miguu. Ana kichwa kigumu kama..."

"Shika mtoto wako," baba alisema. Akavua saa, akaitundika kwenye msumari.

Niliwatazama mpaka getini. Alama za muhogo zilikuwa bado kwenye tairi la mbele, na uzi mwekundu ulizunguka nazo, kisha kwa umbali sikuweza kuuona tena.

Nilikaa mkabala na ule msumari. Mtoto alinyonya akalala. Nilimchukia mzee, nikamchukia karani wa pamba, nikamchukia Sista na masharti yake, na katikati ya hayo yote niliogopa. Ni mimi niliyemtuma baba huko. Ningekosea ubaoni, angekuwa ameketi nyumbani. Jua likateremka. Geti hufungwa saa kumi na mbili. Kuna wakati tulisikia mbao zikianguka, mbali, na safari hii mama hakusema ni mbao.

Alikuja kutoka upande wa bwawa la mafunjo, wala si barabarani. Kwa miguu. Suruali ina matope hadi mapajani, na mkononi ana ile kamba ya katani tu. Mama aliweka mikono kichwani. Baba alimpita, akaichukua saa kwenye msumari, akajaribu kuifunga, vidole vikakataa. Nikaenda nikamfungia. Tangu mimba yangu ijulikane hatukuwa tumegusana, ukiacha kukaa nyuma yake kwenye keria.

"Baisikeli?" mama aliuliza.

"Wameipenda."

"Na yule mzee?"

"Alifika kwake. Alikuja kusema inatosha tukiwa tumeshapita kizuizi cha wanajeshi. Wakati wa kurudi nilikuwa peke yangu."

Hakusema zaidi, mpaka leo. Alinipa kamba.

"Funga."

"Mawili?"

Alifikiri, amesimama pale mlangoni, matope yanadondoka.

"Moja," alisema. "Ya leo ni moja, kwenda na kurudi."

Jumatatu nilikwenda shule kwa miguu, sanduku kichwani. Mtihani wa kidato cha sita nimeshaufanya, kwa hiyo ahadi niliyompa Sista imekwisha, na neno nililokatazwa nimelisema hapa. Nina mtoto. Sasa anaongea, anamwita bibi yake mama, na mimi ananiita dada, nami namkaripia kila mara. Baba anabeba watu kwa baisikeli ya kukodi, na saa bado inatundikwa.

Baisikeli yake mwenyewe iko ng'ambo, chini ya mtu mwenye bunduki. Sijui uzi wangu umeshazunguka mara ngapi.